Mrejesho: barua ya rubani isiyo na stempu

Wakuu, niliuliza kuhusu barua ya 1943 ya babu wa mume wangu, rubani Mwingereza: ya penseli, kwa nini haina stempu. Asanteni, majibu nimepata.

Kumbe alikuwa mateka wa Wajerumani, na mateka wa vita waliandika nyumbani bila kulipia posta, kwa Mkataba wa Geneva wa 1929 kuhusu mateka. Kambi ni Stalag Luft III, ya Wajerumani kwa mateka wa jeshi la anga, mji wa Sagan, leo Żagań, Polandi. Muhuri wenye namba ni wa mkaguzi wa barua kambini. Na karatasi inang'aa kwa sababu ilipakwa dawa ya kuumbua wino wa siri!

Bibi alikuwa ameshaletewa telegramu kwamba mumewe hajulikani alipo. Halafu auone mwandiko wake. Jamani, nimelia.

Sasa natafuta jalada lake Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, kundi la AIR 81 (majalada ya wanajeshi wa anga waliopotea vitani).