Tupeane uzoefu: Ni tamthilia ipi ndefu ya kihistoria ya Kikorea iliyotunza ubora wake hadi mwisho?

Mleta mada

Ndugu zangu wapenzi wa tamthilia za kihistoria za Kikorea, naomba tupeane uzoefu juu ya jambo moja. Tumezoea kuzilinganisha kwa uhodari wa stelingi, kwa mavazi na kwa mapigano, nami naona kipimo hicho hakitoshi, kwa sababu karibu kila moja huanza vizuri. Tamthilia yenye sehemu 50 au zaidi hujulikana ubora wake ikishavuka katikati, pale ambapo siri za mwanzo zimekwisha kufichuka na mwandishi bado ana saa nyingi za kujaza. Tukumbuke pia namna zilivyotengenezwa: nyingi zilirushwa Korea Kusini mara mbili kwa wiki huku sehemu za mbele zikiendelea kuandikwa na kurekodiwa, na ile iliyopendwa sana iliongezewa urefu. Jumong ilipangiwa sehemu 60 ikafika 81, Queen Seondeok ilitoka 50 ikafika 62, na Dong Yi vilevile ilitoka 50 hadi 60.

Nianze na Jumong, iliyorushwa na kituo cha televisheni cha MBC kuanzia 2006 hadi 2007, kwa kuwa ndiyo iliyonifungulia mlango. Kilichonishika humo zaidi ya upinde wa Jumong mwenyewe ni karakana ya Mo Pal-mo. Mhunzi yule anajua kwamba upanga wa ufalme wao wa Buyeo ukigongana na upanga wa Han, dola ya Wachina, unavunjika, na kwa muda mrefu tunamwona akifua, akijaribu na kushindwa, huku mfalme Geumwa akisubiri, kwa sababu bila chuma imara hakuna vita vya kupigana. Kisha kuna chumvi: Buyeo inakosa chumvi, watu wanateseka, na Jumong anakwenda kuitafuta Gosan. Mambo hayo mawili yalinifanya niamini kwamba taifa linajengwa na vitu vinavyoshikika, na kwamba ushujaa wa mtu mmoja hautoshi. Hata hivyo, baada ya Goguryeo, ufalme anaouanzisha Jumong, kuanza kusimama, naona uzito ulipungua. Daeso na nduguye Yeongpo, wana wa mfalme Geumwa, wanarudia hila zilezile, na majeshi yanayotajwa kuwa ya maelfu yanaonekana kwenye kioo kama kikosi cha watu wachache waliokusanywa uwanjani. Iliyonivusha hadi mwisho ni Soseono, mke wa Jumong, ambaye baada ya kusaidia kuijenga nchi anaamua kuondoka kwenda kusini na wanawe Biryu na Onjo ili nchi ile isije ikagawanyika. Karibuni mseme yenu.

Mchangiaji wa Mwanza

Ahsante sana mleta mada kwa kuweka kipimo kinachoeleweka. Kwa kipimo hicho mimi naleta Queen Seondeok ya mwaka 2009, tena naileta kama mfano wa tamthilia bora iliyojeruhiwa na urefu wake. Sijaona mhasimu wa kike aliyeandikwa kwa akili kama Mishil, na Go Hyun-jung alimwigiza bila kupaza sauti. Nyusi moja ikipanda, baraza zima linatulia. Nguvu yake haitoki kwenye upanga. Anamiliki elimu ya kalenda, anajua lini mvua itanyesha na lini jua litapatwa, kisha anawatangazia watu kana kwamba mbingu zinamsikiliza. Deokman, binti mfalme atakayekuwa malkia Seondeok, anapoamua kujenga mnara wa kutazamia nyota wa Cheomseongdae ili elimu hiyo iwe ya kila mtu, ugomvi wao unakuwa ugomvi juu ya namna ya kutawala, na pale ndipo niliposimamisha sehemu ile nikaianza upya ili nisikie kila neno.

Mishil anakufa katika sehemu ya 50, akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi baada ya kunywa sumu. Zinabaki sehemu 12, na katika sehemu hizo nilimtafuta mtu wa kusimama mbele ya Deokman nisimpate. Ndiyo maana naamini kwamba tamthilia ndefu haiishi zaidi ya mhasimu wake. Dong Yi ya 2010 haikufika kilele kama kile, lakini mwendo wake ulikuwa sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na kwa ubora wa jumla naiweka juu kidogo.

Mchangiaji wa Tanga

Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo. Dada wa Mwanza amesema maneno mazito kuhusu mhasimu, lakini naomba nimpinge kwa kutumia Dae Jang Geum, ile ya mwaka 2003 na 2004 yenye sehemu 54, iliyoongozwa na Lee Byung-hoon, huyohuyo aliyeongoza Yi San na Dong Yi. Nimeitazama pamoja na mama yangu mzazi, ambaye hapendi kabisa filamu za vita, na hakukosa hata sehemu moja.

Mhasimu wa Jang Geum ni ukoo wa Choi, nao si wa kutisha kama Mishil. Kinachoibeba tamthilia ile ni kazi yenyewe. Kuna tukio la mapema ambapo Bibi Han, mpishi wa jiko la kifalme, anamwagiza Jang Geum, akiwa bado mtoto, amletee maji ya kunywa, na kila akileta anaambiwa akalete tena bila kuelezwa kosa lake, mpaka siku anapouliza kwanza kama tumbo linauma, kama koo linawasha, kama choo ni cha kawaida, ndipo anapoleta maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba ayanywe taratibu. Mama alinyamaza pale, kisha akasema kwamba huyo mtoto atakuwa mganga. Alisema hivyo kabla hatujajua kwamba nusu ya pili ya tamthilia itakuwa ya utabibu.

Katikati ndipo mwandishi alipofanya jambo ambalo wengi wangeliogopa. Bibi Han anafia mgongoni mwa Jang Geum wakiwa njiani kupelekwa uhamishoni kisiwani Jeju, na jiko tulilolizoea linafungwa. Badala ya kurudia hila za jikoni, tamthilia inampa Jang Geum elimu mpya ya mitishamba, sindano na mapigo ya damu, na mafunzo yale ya maji yanarudi kwa sura nyingine, kwa sababu sasa anamuuliza mgonjwa maswali yaleyale. Isitoshe, kumbukumbu za enzi ya mfalme Jungjong zinamtaja tabibu huyo wa kike kwa maneno machache tu. Kutoa sehemu 54 kwenye mistari michache bila kuchosha ni ustadi ambao sijauona kwingine. Hapa ndipo ninapotofautiana na dada: tamthilia huishi kadiri stelingi wake anavyoendelea kujifunza.

Mchangiaji wa Mombasa

Mimi nitasema kwa ufupi. Empress Ki ya 2013 na 2014, sehemu 51, Ha Ji-won aliigiza vizuri mno na kasi yake haikushuka. Lakini ililalamikiwa sana Korea kwa kupotosha historia, hata mhusika aliyekusudiwa kuwa mfalme Chunghye wa Goryeo, ufalme wa Korea wa enzi hiyo, ikabidi abadilishwe kuwa mfalme wa kubuni aitwaye Wang Yu. Kwangu ubora wa tamthilia ya kihistoria hauwezi kutengwa na heshima kwa historia, kwa hiyo siiweki katika tano bora zangu.

Mchangiaji wa Zanzibar

Nashangaa hakuna aliyeitaja Taejo Wang Geon ya kituo cha KBS, iliyorushwa kuanzia 2000 hadi 2002, sehemu 200 kamili. Picha zake ni za zamani na huenda ndiyo sababu vijana wanaipita. Nawaomba waivumilie kwa ajili ya Gung Ye, mfalme mwenye jicho moja aliyeigizwa na Kim Yeong-cheol. Anaanza kama mtawa anayewahurumia wanyonge, anapendwa na wakulima, nasi tunampenda. Kisha madaraka yanampotosha polepole hadi anadai kwamba anaweza kusoma moyo wa mtu, na anayetuhumiwa kwa usomaji huo hana namna ya kujitetea. Mabadiliko hayo yasingewezekana katika sehemu 20. Yanahitaji muda uleule ambao mleta mada anauogopa.

Wang Geon, jemadari wake, anampindua mwaka 918 na kuanzisha Goryeo, lakini bado kuna Gyeon Hwon, mfalme wa Baekje ya Baadaye, baba anayefungwa na mwanawe wa kumzaa kisha anakimbilia kwa adui yake wa miaka yote. Ndugu wa Mwanza na wa Tanga wataona kwamba hoja zao zote mbili zimo humo.

Na kuhusu Queen Seondeok, sikubaliani kwamba baada ya Mishil hakubaki mtu. Alibaki Bidam, mwanawe aliyetupwa, mtu ambaye Kim Nam-gil alimfanya acheke huku akitisha. Tatizo lake kwa Deokman ni gumu kuliko la Mishil, kwa sababu malkia anampenda na dola haimruhusu kumwamini. Uasi wake wa mwaka 647 umo katika historia, nayo tamthilia iliutumia kumaliza habari ya mapenzi na habari ya kiti cha enzi kwa pigo moja. Kwa heshima namwomba dada azirudie sehemu zile 12 akimtazama Bidam peke yake, kisha atuambie kama Dong Yi bado iko juu.