Naomba ushauri: kitengo chetu cha madeni wanawake ndio wengi, lakini kamisheni inaishia kwa wanaume

Binti Marejesho (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni mawazo yenu maana usingizi umegoma kabisa.

Niko kitengo cha kukusanya madeni. Ukihesabu vichwa ofisini kwetu, wanawake ni wengi kuliko wanaume, tena kwa mbali. Sisi ndio tunaoshika simu toka kunakucha, ndio tunaotukanwa, ndio tunaoliliwa. Mshahara wa msingi hauna tofauti ya kutisha. Shida ni kamisheni. Kuna kijana ameingia kazini juzijuzi, na mwenzetu mmoja, dada mkongwe kuliko wote pale, ndiye aliyemfundisha kila kitu: namna ya kuanza mazungumzo, namna ya kuingiza ahadi ya kulipa kwenye mfumo, mpaka namna ya kumsubiri mdaiwa anayefoka amalize pumzi ndipo umtajie tarehe. Mwezi ukiisha, dada akipata 100, kijana anapata 140. Na sio yeye tu, orodha nzima imekaa hivyo, wanaume juu na wanawake chini.

Nimeshaandika barua ya kwenda utumishi. Swali langu ni moja: niipeleke au ninyamaze nilinde kibarua changu?

Ngoma Droo
Yaani mtu anayewadai watu kutwa nzima anashindwa kudai chake? Peleka barua dada, ukinyimwa wapigie simu kila asubuhi kama unavyotupigia sisi.

Kalamu Nyekundu
Dada, kabla ya barua, faili za wadaiwa wanazopewa wanaume na wanawake ni za aina moja?

Nauliza kwa sababu nimekaa kwenye kazi hii miaka mingi. Kamisheni huwa ni asilimia ya kilichoingia. Asilimia inaweza kuwa ileile kwa kila mtu na bado pesa zikapishana vibaya. Mtu mwenye faili za kampuni zilizochelewa siku 30 anapiga simu moja kwa mhasibu, ankara inapatikana, malipo yanaingia, na kamisheni yake ya wiki imeshapatikana. Mwenye madeni madogo ya watu binafsi yaliyopitisha siku 180 anapiga simu mpaka sauti inakauka: nusu ya namba hazipatikani, waliobaki wanaahidi mwisho wa mwezi. Huyu wa pili ndiye anayefanya kazi ngumu zaidi, na ndiye anayelipwa kidogo.

Tuambie nani ana faili gani. La pili, umejuaje kamisheni ya kila mtu?

Mzee wa Riba
Vijana wa siku hizi mnapenda kulinganisha mishahara. Sisi tulianza kazi hii kwa miguu, daftari kwapani, unagonga mlango mtoto anatoka anasema baba hayupo, na viatu vya baba unaviona pale mlangoni. Hakuna aliyeniambia fulani anapata ngapi, na sikuuliza. Nilikuwa na mwenzangu wa kike hodari sana, watu walikuwa wanamlipa kwa sababu alikumbuka majina ya watoto wao. Alipandishwa cheo kabla yangu na sikuona kinyongo. Fanya kazi binti, riziki haina jinsia.

Mama Pacha
Mzee wangu, kwa heshima zote, riziki haina jinsia lakini faili zinayo.

Mimi nilitoka likizo ya uzazi nikakuta faili zangu zote zimegawiwa. Nilikuwa nimeacha ahadi za kulipa nilizozipigania mwenyewe, tarehe zimeandikwa, kiasi kimeandikwa, wadaiwa nimewapanga kwa awamu. Ahadi zikaiva mikononi mwa kaka mmoja aliyekuwa anapokea tu ujumbe wa malipo kuingia. Kamisheni ikaenda kwake kwa sababu mfumo unahesabu jina la mwenye faili siku pesa inapoingia. Nilipouliza nikaambiwa ndivyo mfumo ulivyo. Nikaanza upya na madeni sugu ambayo hakuna mtu aliyekuwa anayataka. Niliondoka mwaka uliofuata na sijutii.

Dada mleta uzi, peleka hiyo barua.

Msomaji wa Usiku
Niongeze kitu ambacho wengi hawakijui. Mkataba namba 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1951, unazungumzia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Malipo kwenye mkataba ule sio mshahara wa msingi peke yake, ni pamoja na nyongeza yoyote anayolipwa mfanyakazi kwa sababu ya kazi yake, iwe fedha au kitu. Kwa hiyo hoja ya "msingi ni sawa, kamisheni ni bidii ya mtu" haimalizi mjadala. Uingereza tangu 2017 waajiri wenye wafanyakazi 250 na zaidi wanatakiwa kutangaza pengo la malipo kati ya wanaume na wanawake, na pengo la bonasi wanalitoa peke yake, kwa sababu bonasi ndipo tofauti inapojificha.

Soma pia kazi za Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi 2023. Ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo siku hizi iko ndani ya kazi moja, kati ya watu wenye cheo kimoja, sio tu kati ya kazi za kike na za kiume. Anayeweza kupatikana saa yoyote analipwa zaidi ya yule mwenye majukumu nyumbani.

Binti Marejesho
Asanteni sana. @Kalamu Nyekundu umegusa penyewe. Faili za kampuni karibu zote ziko kwa wanaume. Za watu binafsi, hasa zilizopitisha siku 180, ziko kwa wanawake. Sababu inayotolewa ni kwamba faili za kampuni zinataka mtu wa kutoka ofisini kwenda kuonana na wahasibu, wakati mwingine jioni, na wanawake wengi wana watoto. Ila hakuna aliyewahi kuwauliza kama wanaweza.

Kalamu Nyekundu
Sawa, hilo la faili umelijibu. La pili hujalijibu. Umejuaje kamisheni ya kila mtu?

Binti Marejesho
Nimeona jedwali.

Kalamu Nyekundu
Jedwali la kamisheni za kitengo kizima halionwi na mshika simu. Na nani anagawa faili?

Asiye na Haraka
Mimi ninachojiuliza, kwa nini mtu akubali kazi ya kusumbua wenzake? Deni ni aibu tosha, mtu hahitaji simu kumi kwa siku.

Msomaji wa Usiku
@Asiye na Haraka hiyo kazi ina sheria zake. Marekani wana sheria ya ukusanyaji madeni tangu 1977: mkusanyaji hatakiwi kumpigia mdaiwa kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku kwa saa za huko anakoishi. Na kanuni zilizoanza kutumika 2021 zinahesabu kuwa ni usumbufu akipigiwa zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja. Anayekusanya kwa adabu anamsaidia hata mdaiwa, maana anampangia awamu kabla mambo hayajafika mahakamani. Tumwache dada ajibu alichoulizwa.

Binti Marejesho
Mgawanyo unatoka juu.

Kalamu Nyekundu
Juu kwa nani? Anayekaa na orodha ya faili mpya na kuandika jina mbele ya kila moja ni nani?

Binti Marejesho
Ni mimi.

Mimi ndiye msimamizi wa kitengo. Meneja ananipa maelekezo ya jumla, "hizi kubwa wape wanaoweza kutembea", mimi naweka majina. Sikuona haja ya kusema mwanzoni kwa sababu swali langu linahusu mfumo, halinihusu mimi. Ningeweka majina tofauti na aliyoyataka, angeyarudisha. Na mimi mwenyewe silipwi kamisheni ya faili, nalipwa bonasi ya kitengo, kwa hiyo sina ninachojitafutia hapa.

Na kwa kuwa mmenibana, niseme na lingine. Mwezi huu nimeshaanza kubadilisha. Baadhi ya faili za kampuni nimempa yule dada mkongwe na wenzake wawili. Sijamwambia meneja. Makusanyo yanaenda vizuri na nilitaka kusubiri mwezi ufungwe ndipo nionyeshe namba. Naona nilifanya sawa, maana ningeomba ruhusa nisingeipata.

Fundi Saa
Hapo ndipo nilipokuwa napasubiri. Wakuu, hii ni chai. Mwanzo "sisi ndio tunaoshika simu", sasa amekuwa msimamizi. Mwanzo ameona jedwali, sasa jedwali ni lake. Kesho tutaambiwa meneja ni mume wake. Mtu ametunga kisa, anataka wanawake na wanaume wapigane humu.

Ngoma Droo
Mimi nilishaanza kumchangia nauli ya kwenda utumishi, kumbe utumishi anakaa nao meza moja.

Mama Pacha
Mimi nimeumia kidogo. Nimekueleza habari ya likizo yangu ya uzazi nikidhani naongea na mwenzangu. Aliyegawa faili zangu alikuwa msimamizi wa kike vilevile, na maneno yake yalikuwa haya haya, kwamba wameamua juu.

Binti Marejesho
@Fundi Saa kisa ni cha kweli. Nimesema "sisi" kwa sababu simu nashika mpaka leo. Mdaiwa akisema "nipe mkubwa wako", mkubwa ni mimi. Jedwali linatoka kwenye mfumo mwezi ukifungwa. Lina safu ya jina, safu ya faili alizopewa mtu, thamani ya faili, kilichokusanywa, ahadi zilizotimia, ahadi zilizovunjika, kisha kamisheni. Ahadi iliyovunjika inapunguza alama za mtu hata kama mdaiwa alilipa nusu, na watu binafsi ndio wanaolipa nusu nusu. Kwa hiyo wanawake wanapigwa mara mbili, kamisheni ni ndogo na alama za kupandishwa cheo ni ndogo. Hilo nimeliona miezi yote na ndilo linaloninyima usingizi.

@Mama Pacha pole sana. Sitajilinganisha na huyo msimamizi wako, lakini nimekuelewa.

Kalamu Nyekundu
Fundi Saa, mimi namwamini. Habari ya ahadi iliyovunjika kuhesabiwa hata kama nusu imelipwa huwezi kuitunga kama hujawahi kupoteza alama kwa ajili yake. Nimeshapoteza.

Sasa dada, ushauri unabadilika. Ungekuwa mshika simu, barua yako ingekuwa malalamiko. Wewe ni msimamizi, na saini yako iko kwenye kila mgawanyo. Barua ikifika utumishi kama ilivyo, swali la kwanza watakalouliza ni hilihili nililokuuliza, na wakigundua umelificha, hoja ya wale wadada inakufa nayo.

Na hizo faili ulizohamisha, usisubiri mwezi ufungwe. Meneja akiziona mwenyewe kwenye ripoti, mazungumzo yatakuwa juu ya utovu wa nidhamu, na malipo ya wadada hayatazungumzwa tena.

Msomaji wa Usiku
Nakubaliana na Kalamu. Tena cheo chako kinakuondolea hata kinga ambayo wengine wanayo. Kwa mfano Marekani, sheria ya mahusiano kazini ya 1935 inalinda wafanyakazi wa sekta binafsi wanapozungumzia mishahara yao wao kwa wao, lakini wasimamizi wametolewa. Na kama jedwali umepewa kwa sababu ya kazi yako, usilisambaze kwa mtu yeyote. Angalia sheria za ulipo na mkataba wako unasemaje.

Hilo lisikukatishe tamaa. Lilly Ledbetter naye alikuwa msimamizi, kwenye kiwanda cha matairi Alabama, Marekani. Alikuja kujua kwamba analipwa chini ya wanaume akiwa karibu na kustaafu, kwa karatasi isiyo na jina la mwandishi. Kumbukumbu za kesi zinaonyesha mwishoni mwa 1997 alikuwa analipwa dola 3,727 kwa mwezi, wakati mwanaume aliyelipwa kidogo kuliko wote kwa cheo kile alipata 4,286. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimkatalia 2007 kwa hoja kwamba amechelewa kulalamika. Sheria yenye jina lake ikapitishwa 2009 kubadilisha hesabu ya muda, lakini yeye hakulipwa. Kwa hiyo kuchelewa kuna gharama.

Fundi Saa
Sawa, narudisha maneno ya chai. Ila ungeanza na ukweli tungeokoa ukurasa mzima.

Mzee wa Riba
Binti, mimi nilisema fanya kazi unyamaze. Kwa hili la ahadi iliyovunjika nimebadilika. Mdaiwa aliyelipa nusu amekuheshimu. Mtu aliyeipata hiyo nusu hastahili adhabu. Liandike hilo kwenye barua, tena juu kabisa.

Binti Marejesho
Nimewasoma wote. Nilikuwa naogopa kwamba nikisema mimi ndiye ninayegawa, barua itaonekana najisafisha. Bado naamini kuhamisha zile faili kulikuwa sahihi, hilo sitalifuta. Ila nitamwambia meneja mwenyewe kesho kabla hajafungua ripoti.

@Kalamu Nyekundu, barua niielekeze vipi sasa?

Kalamu Nyekundu
Toa majina ya watu na kamisheni zao. Panga kwa aina ya faili na umri wa deni: siku 30, 60, 90, 180 na kuendelea. Kila kundi weka asilimia ya thamani iliyokusanywa, wanawake peke yao, wanaume peke yao. Ukilinganisha ndani ya kundi moja, utaona kama wanaume wanakusanya vizuri zaidi au wamepewa tu kilicho rahisi. Mimi najua nitabashiri nini, lakini acha namba ziseme, na zikisema kinyume ziandike vilevile.

Halafu omba vitu vitatu tu: faili mpya zigawiwe kwa zamu, mtu akienda likizo ya uzazi ahadi alizoziacha zihesabiwe kwake, na malipo ya nusu yasihesabiwe kama ahadi iliyovunjika.

Sentensi ya kwanza iwe hii: "Mimi ndiye ninayegawa faili za kitengo hiki."

Mama Pacha
Na kabla hujaandika hilo la zamu, waulize hao wadada nani anaweza kutoka jioni. Umesema mwenyewe hakuna aliyewahi kuwauliza.

Binti Marejesho
Nitawauliza asubuhi, kabla simu hazijaanza.