Kachuma mikarafuu akiamini ni ya babaake: ni wizi?

Suali
Assalaam alaykum. Mtu kachuma mikarafuu minne ya mpakani akiamini ni ya marehemu babaake. Ami yake kampeleka polisi, kashitakiwa wizi. Kuchuma hakukani. Baadaye ikabainika miti ni ya ami. Ile imani yake inamuokoa?

Mwanasheria, Chake Chake
Waalaykum salaam. Inamuokoa, ikiwa aliamini kweli. Wizi si kuchukua tu. Ni kuchukua kwa udanganyifu na bila ya dai la haki, yaani bila ya kuamini kweli kuwa ana haki na kitu hicho, na upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuthibitisha yote hayo pasipo shaka. Hata akikosea hesabu ya mirathi, dai lake linasimama. Ila asije na "sikujua kuchuma cha mtu ni kosa". Hilo halimsaidii hata kidogo.

Nia haionekani kwa macho, husomwa katika vitendo. Kama alichuma mchana, kaita wachumaji, kawalipa kwa pishi, karafuu kazianika kwenye jamvi uani kwake kila mpita njia anaziona, huyo kafanya kama mwenye mali. Kama alichuma usiku, kazificha mbichi nyumba ya mbali, na alipoulizwa mara ya kwanza akakana, imani hiyo nani ataikubali?

Mtetezi
Muhimu pia ni wakati. Nia inapimwa pale anapochuma. Kama kadhi alikwishagawa mirathi naye akaujua mgao, hana pa kujitetea.

Kinachowaponza wengi ni siku ya kusomewa shitaka. Anaulizwa, anajibu "ni kweli", kwa sababu kweli alichuma. Limeandikwa, katiwa hatiani kwa kukiri, na rufaa ya kupinga hatia aliyoikiri ni ngumu mno. Aseme yote kwa pamoja: "Nilichuma, lakini nilijua miti ni yetu." Jibu hilo si kukiri wizi, na hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana. Maelezo ya polisi vilevile: asomewe, na kama ile sehemu ya pili, "lakini nilijua miti ni yetu", haimo, asitie saini mpaka iingizwe.

Mwanasheria, Chake Chake
Naongeza moja. Kwetu miti huwa ya mtu mmoja na kiwanja cha mwengine, kwa hivyo karatasi ya ardhi peke yake haimalizi hoja. Atafute mashahidi wa nani alikuwa akiichuma misimu iliyopita, sheha akiwemo kama anajua.