Rejeksi ya namba shufwa: kwa nini 213 inapita?

Karani wa Kahawa, Moshi
Ndugu zangu, shikamooni kwa mnaostahili. Ninatunza daftari la wanachama wa chama chetu cha msingi, upande wa Kibosho. Msimu huu tumekubaliana kwamba wenye namba shufwa walete kahawa ya maganda Jumanne na wenye namba witiri Ijumaa, ili watu wasisimame foleni mizanini hadi giza liingie. Nimetumia `re.search` ya Python (lugha ya programu) kwa rejeksi `[02468]`, yaani kiolezo cha alama zinazotafutwa ndani ya maandishi, lakini 213 na 845 zimeingia katika orodha ya Jumanne. Sitaki mzee ateremke na gunia lake siku isiyo yake. Nimekosea wapi?

Mwalimu wa Hisabati, Arusha
Marahaba, dada. Rejeksi yako inauliza kama mna tarakimu shufwa popote pale, na ile 2 ya mwanzo wa 213 inatosha kuiridhisha. Rejeksi haigawanyi chochote. Inasoma alama tu. Kinachotusaidia ni kwamba 10 inagawanyika kwa 2, hivyo makumi, mamia na maelfu yote ni shufwa tayari, na uamuzi unabaki kwa tarakimu ya mwisho peke yake. Andika hivi (`^` ni mwanzo wa maandishi, `$` ni mwisho wake, na `*` ni kurudia mara yoyote, hata sifuri):

`^[0-9]*[02468]$`

Ifuatilie kwa 213. Sehemu ya `[0-9]*` inameza tarakimu zote tatu, kisha inarudisha 3, ambayo haimo katika kundi la shufwa. Inarudisha 1, nayo haimo. Inarudisha 2, ambayo imo, ila `$` inadai mwisho wa maandishi ilhali 13 bado ipo mbele. Namba inakataliwa.

Fundi Programu, Moshi Mjini
Mwalimu yuko sahihi. Kwa Python ningependelea `re.fullmatch`, inayodai maandishi yote yalingane na rejeksi, pamoja na `[0-9]*[02468]`, kwa sababu `$` hukubali hata pale ambapo alama ya mstari mpya imebaki mwishoni. Usiweke `\d` badala ya `[0-9]`, kwani katika Python 3 hiyo hupokea pia tarakimu za maandishi mengine, kama ya Kiarabu. Namba ikishageuzwa kuwa namba kamili, `n % 2 == 0` (baki ya kugawa kwa 2 ni sifuri) inatosha na inasomeka vizuri zaidi.

Karani wa Kahawa, Moshi
Asanteni sana, 213 imeondoka. Sasa 118 imeangukia Ijumaa, na nimegundua kwamba ina nafasi tupu baada ya 8. Nilikuwa nimepeleka Ijumaa kila kilichokataliwa.

Mwalimu wa Hisabati, Arusha
Hapo ndipo penye hatari, dada, kwa sababu kukataliwa na rejeksi ya shufwa hakuifanyi namba kuwa witiri; huenda si namba safi kabisa. Ondoa nafasi kwanza kwa `strip()`, witiri zitafute kwa `[0-9]*[13579]`, na mistari isiyoingia kokote iweke katika orodha ya tatu, uikague kwa macho kabla ya kubandika tangazo.