Kuchora bahari papo hapo kwa rangi za mafuta: tunatoka Moshi kwenda Tanga na Pangani, tujiandaeje?

KiborloniRangi

Habari wakuu. Tuko wachoraji wanne wa Moshi, tumezoea kuchora nje kwa rangi za mafuta: migomba, Kibo ikifunguka asubuhi, mara mojamoja Ziwa Duluti upande wa Arusha. Mwezi wa saba tunashuka Tanga siku tano, mbili mjini na tatu Pangani. Kila mmoja anataka kurudi na picha sita zilizochorwa ufukweni penyewe, si za kunakili kutoka kwenye simu. Wenye uzoefu wa mwambao naomba mtusaidie.

Tubebe kanvasi za fremu au vipande vya mbao? Tapentaini inasafiri vipi kwenye basi? Maji yanapojaa na kupwa katikati ya picha, mtu anafanyaje? Na linalonisumbua kuliko yote: kila tukijaribu bahari kwa mazoezi, inatoka kama ukuta wa bluu uliosimama. Hailali. Kosa liko kwenye rangi au kwenye mchoro?

Rangi tulizonazo: nyeupe ya titani, altramarini, bluu ya thalo, oka ya njano, njano ya kadmi, siena iliyochomwa na nyekundu ya alizarini.

---

Mtanga_wa_Njiro

Karibuni mwambao. Naanza na maji, maana hayo ndiyo yanayoamua mengine yote.

Kabla ya kuchagua mahali, chagueni saa. Tazameni mwezi utakuwaje siku hizo. Ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa kwenye saa 10 alasiri na saa 10 alfajiri, hupwa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, na saa zinageuka: yanajaa kwenye saa 4 asubuhi, yanapwa alasiri, tena hayaendi mbali. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Mkifika, ulizeni wavuvi. Wanazijua kwa kichwa.

Sasa, maji hayashuki kwa mwendo mmoja. Yagawe mafungu 12. Saa ya kwanza linaondoka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Siku ya bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 3 na kuzidi. Chukua mita 3: saa mbili za katikati peke yake zinaondoa mita moja na nusu, ilhali saa ya kwanza inaondoa sentimita 25 tu. Ndiyo maana unaanza kuchora saa moja kabla ya maji kusimama na kumaliza saa moja baada yake. Hapo yanapanda robo mita na kurudi palepale yalipokuwa. Hata hivyo ufuo wenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 50 utaiona robo mita hiyo kama mita 12 na nusu za mchanga. Ukingo wa maji uweke ndani ya dakika 15 za mwanzo, halafu usiuguse. Anayeyafuata maji kila yanaposogea anamaliza na picha yenye saa tatu tofauti ndani yake, na jicho la mtazamaji linalihisi hilo hata kama hawezi kulitaja.

Mwanga nao una saa zake. Mwambao wa Tanga kwa jumla unatazama mashariki, kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni: maji ni fedha tupu, ngalawa ni nyeusi, rangi za kina zimefutika. Alasiri jua liko mgongoni, na hapo kijani cha maji mafupi kinatoka chenyewe. Mkitaka bahari iliyojaa na rangi zake zote, nendeni alasiri ya bamvua. Mkitaka ngalawa zimelala mchangani kwa mwanga huohuo, nendeni siku za maji mafu.

Kuhusu ukuta wa bluu: hapo ni mchoro kwanza, kisha rangi. Maji ya mbali unayaona kwa pembe ya chini sana, kwa hiyo yanarudisha mbingu kama kioo. Maji ya karibu na miguu unayatazama kwa juu, jicho linazama mpaka chini na unaona mchanga, mwamba au majani ya bahari. Bahari moja, mambo mawili tofauti. Ukiipaka bluu ileile toka upeo hadi povu, lazima isimame.

Kwenye kibao changanya mafungu manne kabla hujagusa picha. La upeo: nyeupe, altramarini na chembe ya siena, mpaka ipoe iwe bluu ya kijivu. La kina kirefu: altramarini na tone la thalo, nyeupe kidogo, hili ndilo zito kuliko yote. La maji mafupi: nyeupe kijiko cha chai, thalo kiasi cha kichwa cha kiberiti, na oka ya njano mara tatu ya hiyo thalo. Thalo ina nguvu sana. Ikizidi, bahari nzima inakuwa rangi ya bwawa la kuogelea la hoteli. La nne ni mchanga uliolowa: oka, nyeupe, altramarini kidogo. Mchanga uliolowa ni mweusi kuliko mkavu, lakini unabeba mbingu, kwa hiyo usiufanye kahawia tu.

Kisha alama za brashi. Mawimbi ya mbali ni nyuzi nyembamba, yanazidi upana kadiri yanavyokuja. Brashi moja na mkono mmoja kwa bahari yote, nayo inasimama tena. Na upeo upimeni kwa rula kutoka ukingo wa juu wa ubao, kulia na kushoto. Ukiinama milimita 3 tu, maji yanamwagika nje ya picha. Ila msiukate kwa mstari mkali. Hewa ya pwani ina unyevu, inaufifisha.

Mtazame ulimi wa maji unapopanda mchangani. Mbele kabisa ni mstari mwembamba wa mchanga uliogeuka mweusi. Nyuma yake utando wa maji usio na rangi yake, unaonyesha mchanga kwa chini. Halafu povu, na chini ya ukingo wa povu kuna kivuli chembamba cha zambarau ya kijivu, unene wa uzi. Kivuli hicho ndicho kinacholilaza povu juu ya mchanga. Bila hicho linabaki chokaa iliyomwagika. Povu lenyewe si jeupe tupu. Nyeupe tupu iwekee sehemu mbili tatu jua linapopiga moja kwa moja, basi.

Pangani ni habari nyingine. Pale mto unaingia baharini na udongo wake, na kuna mstari unaoonekana kabisa kati ya maji ya kahawia na ya kijani. Hayo ni maji ya kwenu: Kikuletwa kutoka Meru na Ruvu kutoka Kilimanjaro, yanakutana Nyumba ya Mungu ndipo yanashuka kama Mto Pangani. Siena na oka mnazochorea mashamba ya Moshi zitafaa mlangoni pa mto bila kubadilishwa sana.

---

FundiMajengo

Mbao, msifikirie mara mbili. Mwezi wa saba ni kusi, upepo unatoka kusini mashariki, yaani ukitazama bahari unakupiga kutoka kulia mbele. Kanvasi ya fremu ni tanga: inadundadunda chini ya brashi na inaangusha stendi.

Chukueni plaiwudi ya milimita 6. Shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa vipande 36 vya sentimita 25 kwa 30. Mnahitaji 24, vinavyobaki ni vya mazoezi na akiba. Kwa 30 kwa 40 inatoa 24 kamili, lakini kwa saa mbili za mwanga ukubwa huo utawashinda. Pigeni msasa, pakeni pande zote mbili na kingo zote nne; upande mmoja ukiachwa mtupu, unyevu wa pwani unaingia huko na ubao unapinda. Rangi ya maji ya ukutani, mikono miwili, inatosha.

Stendi: miguu izame mchangani sentimita 10, na katikati ning'inizeni mfuko wenye kilo 5 za mchanga. Mwavuli acheni nyumbani.

---

MamaBrashi_Sakina

Fundi yuko sahihi kwa yote isipokuwa rangi ya ukutani. Ile ya bei nafuu ina chaki nyingi na gundi chache. Inayanyonya mafuta kutoka kwenye rangi yako, picha inabaki kavu, haina uhai, na baadaye inatoa vumbi. Jaribio ni rahisi: ikikauka, isugue kwa kidole. Kidole kikiwa cheupe, haifai mpaka uifunike kwa gundi nyeupe ya mbao kipimo 1 kwa maji 3. Bora mtengeneze jeso yenu, ile rangi ya chini ya kuandalia ubao: gundi nyeupe kipimo 1, maji kipimo 1, unga wa chaki mpaka iwe nzito kama mtindi. Mikono mitatu, kila mmoja ukauke, msasa namba 220 katikati. Mwishowe pakeni siena nyembamba sana juu yake, wiki nzima kabla ya safari, ili ikauke kabisa. Weupe mtupu kwenye jua la ufukweni unaumiza macho, na joto la siena likichungulia kati ya bluu linaipa bahari uhai.

Tapentaini msipande nayo basi. Inashika moto, na safari ni ndefu, Same, Mombo, Korogwe, Segera, chupa ikichuruzika kwenye joto la buti ni hatari kwa watu. Nunueni Tanga kwenye duka la rangi, nusu lita kwa watu wanne. Msikubali kupewa tina ya kupulizia magari badala yake. Inayeyusha tabaka la chini. Wala mafuta ya taa, yanaacha unyevu usiokauka. Mnaweza pia kukaa bila tapentaini kabisa: futeni brashi kwa kitambaa, ioshwe kwa mafuta ya alizeti, kisha sabuni ya mche na maji. Alizeti ni ya kuoshea tu. Ikiingia kwenye rangi, picha inanata kwa miezi.

Tafadhali sana kuhusu vitambaa vyenye mafuta ya kitani, yale yaliyomo kwenye rangi zenu. Mafuta haya yanakauka kwa kuvuta oksijeni, na yakivuta yanatoa joto. Vitambaa vilivyofinyangwa na kutupwa pembeni vinaweza kuwaka vyenyewe usiku, bila kiberiti. Vitandazeni kimoja kimoja vikauke, au vitieni kwenye kopo la maji lenye kifuniko. Na tapentaini chafu haimwagwi mchangani wala baharini; iacheni itulie kwenye chupa, ya juu iliyotakata mtaitumia tena.

---

KiborloniRangi

Asanteni sana, shikamoo Mama. Mawili tu. Rangi ya kiasi gani kwa picha sita? Na kuna mwenzetu anauliza kama anaweza kutumia zile rangi za makopo wanazotumia wachoraji wa Tingatinga huko Arusha, ni za mafuta pia.

---

MamaBrashi_Sakina

Marahaba. Ubao wa 25 kwa 30 ni sentimita za mraba 750. Ukipaka unene wa robo milimita ni mililita 19 hivi. Sita ni kama 115, ongeza theluthi ya inayobaki kwenye kibao, fanya 150. Zaidi ya nusu itakuwa nyeupe, kwa hiyo kila mtu awe na nyeupe yake, mililita 100 angalau. Nyingine tyubu ndogo moja moja zinatosha, thalo hata mgawane moja.

Za makopo hapana, si kwa kazi hii. Edward Saidi Tingatinga alichora kwa enameli, ndizo hizo za makopo, juu ya hadibodi tangu mwaka 1968, na kwa maumbo yale yenye kingo safi enameli inafaa kabisa. Lakini inashika ngozi haraka. Huwezi kusugua upeo ufifie wala kuingiza rangi mbichi ndani ya rangi mbichi. Na akiipaka juu ya rangi ya mafuta isiyokauka, ya juu inakauka kwanza, ya chini bado inajongea, inapasuka. Sababu hiyohiyo ndiyo inayotufanya tuanze na tabaka jembamba na kuongeza mafuta tabaka za juu.

---

Mtanga_wa_Njiro

Naongeza machache. Ubao uwe kivulini, hata kwa kugeuza stendi. Ukichorea juani unachanganya rangi nzito kupita kiasi, na ukiingia ndani picha yote ni giza. Vaeni shati la kijivu au jeusi, jeupe linarusha mwanga kwenye rangi mbichi. Miwani ya jua ivueni. Zile zinazokata mng'ao zinafuta kile kioo cha mbingu tulichosema.

Mchanga ukirukia picha, usifute. Acha rangi ikauke, kisha upanguse kwa brashi kavu. Ukifuta mbichi unausaga ndani.

---

FundiMajengo

Ya kurudi nayo: picha mbichi ziwekeni mbilimbili, uso kwa uso, pembe nne mkiweka vipande vya kizibo vya milimita 5, halafu mfunge kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Zisiingie kwenye buti, zikae magotini au chini ya kiti, wima. Mkifika Moshi zifungueni siku hiyohiyo na kuziweka penye mwanga wa dirisha, si ndani ya kabati, kwa sababu mafuta ya kitani yakikaukia gizani yanageuka manjano na nyeupe yenu ya povu ndiyo itaonyesha kwanza. Vanishi baada ya miezi sita.