Mrejesho: vitenzi vya kinyume kwa michezo

Wakuu, niliomba mbinu za kufundisha vitenzi vya Kiingereza vyenye maana kinyume bila wanafunzi kukariri orodha. Nimeanza na "fanya kinyume": nikisema "push", wao wanavuta; nikisema "sit", wanasimama. Darasa lilichangamka, hata wale wakimya (kelele zake nazo si haba). Kadi za kutafuta jozi zinafaa zaidi kwa marudio, kwani mchezaji hazichukui mpaka ataje vitenzi vyote viwili.

Kazi ngumu ilikuwa "lend" (kuazimisha) na "borrow" (kuazima). Hapo niliwaweka wawili wawili na kalamu moja: mmoja anaomba, mwenzake anampa, kila mmoja anatamka sentensi yake, kisha wanabadilishana. "Remember" (kukumbuka) na "forget" (kusahau) bado vinanisumbua, haviigiziki kirahisi. Mwenye mchezo wake alete.