Yule fundi wa "hiki kidude ni cha Ulaya" kachomoa themostati tena!

Geji_Katikati:
Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Simtaji, mnamjua wote, yule ambaye ovaroli lake akilivua linabaki limesimama kwa grisi. Gari lilikuwa linachemsha kwenye foleni. Kaikuta themostati, ile vali ya maji ya kupozea injini, kaichomoa, kasema "hiki kidude ni cha Ulaya, kwenye theluji", kisha kaitupa kwenye kopo la boliti chakavu. Kwaa!

Cha Ulaya! Kwa hiyo ile 82 iliyogongwa kwenye bati lake ni saizi ya kiatu? Ni nyuzi joto. Ndani ya kile kikopo cha shaba kuna nta. Maji yakifika 82 hivi nta inayeyuka, inavimba, inasukuma pini, mlango wa kwenda rejeta unafunguka. Kabla ya hapo maji yanazunguka injini peke yake ili ipate moto upesi. Hilo joto la Dar la nyuzi 33 mnalolilia, kwa injini ni friji! Bila themostati kompyuta inadhani gari limewashwa sasa hivi, inazidi kumimina petroli, gari linakunywa kama mgeni asiyechangia harusi. Taa ya injini inawaka, ukipima kwa mashine unakuta kodi ya hitilafu P0128, yaani injini haifikii joto lake. Halafu mtu anasema cha Ulaya. Kwaa, koponi!

Na kuna themostati nyingi za Toyota zenye vali mbili. Ya juu ikifungua, ya chini inaziba njia ya mkato. Ukiing'oa, ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kuonja rejeta. Yaani gari linachemsha ZAIDI! Nasikia ile kwaa mpaka usingizini.

Mama_Spana:
Huyo huyo akiona ute wa maziwa chini ya kifuniko cha oili, anatangaza gasketi ya hedi, yaani ya kichwa cha injini, imekufa, kumbe injini haipati joto la kukausha unyevu. Hapo unaambiwa hedi ikapigwe skimu, yaani ikasawazishwe uso kwa mashine.

Kobe_wa_Mandela:
Mleta uzi, wakati anachomoa ulikuwa wapi? Chipsi mayai ilikuwa tamu eeh 😂 Ungeiokota koponi ukaipima.

Geji_Katikati:
Kuipima si kazi. Sufuria ya maji, ining'inize kwa uzi isiguse chini, weka kipimajoto. Ya 82 inaanza kufungua kati ya 80 na 84, na ikifika 95 iwe imeachia milimita 8 na ushee. Ikiwa wazi ingali baridi, au isiposhtuka kabisa, ndiyo ya kutupa. Yeye hata sufuria hana. Ana kopo!

Nyanda_za_Juu:
Angalieni, huku Mbeya maji ya sufuria yanachemka kabla ya kufika 95. Msije mkailaumu themostati bure. Na bila hicho "cha Ulaya" ukipita Makambako alfajiri, hita inapuliza upepo wa mochwari.

Kobe_wa_Mandela:
Sasa mpya anafungaje huyu mlalamishi? Au tulie tu?

Mama_Spana:
Injini ipoe kabisa, mwaga maji kwa koki ya chini ya rejeta. Kwenye injini ya 1NZ ya Toyota IST themostati iko upande wa mpira wa chini wa rejeta, na oltaneta, ile inayochaji betri, inakaa njiani, itoe. Nati mbili za spana namba 10. Springi itazame injini, kile kipini kinachochezacheza kikae juu, ndiko hewa inakotokea. Mpira wa duara unaozunguka themostati uwe mpya, na silikoni USIPAKE, ikimeguka inaenda kuziba rejeta. Nati kaza kwa zamu, taratibu, ni alumini ile, si tairi la Scania. Jaza kulanti, ile dawa ya kupozea, nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini, karibu lita 5. Kifuniko wazi, hita kwenye moto, acha ingurume mpaka feni iwake, minyaminya mpira wa juu, ongeza. Mpira wa chini ukiwa baridi kisha ukapata moto ghafla, imefungua.

Geji_Katikati:
Ahsante mama. Lakini ile kwaa...

Chumvi_ya_Bomba:
Kulanti gani? Zinazouzwa barabarani ni maji ya bomba na rangi ya sharubati. Miezi michache rejeta imejaa kutu kama mto Msimbazi.

Feni_Dairekti:
Afadhali nyie. Kuna wanaounga feni moja kwa moja na swichi, izunguke muda wote. Mota inaungua, feni inasimama, gari linachemsha, kisha wanachomoa themostati. Ndoa ya kichaa na kichaa.

Mama_Spana:
Na wanaopiga injini maji ya presha kwenye kuosha magari je? Oltaneta inalowa, taa ya betri inawaka, nao wanakuambia "itakauka, bosi".

Chumvi_ya_Bomba:
Hao ndio wanapaka dashibodi mafuta ya nazi!

Kobe_wa_Mandela:
Mafuta ya nazi?? 😂😂 Hao niachieni, wafunguliwe uzi wao.

Nyanda_za_Juu:
Wadau, kifuniko cha rejeta cha presha ya 1.1 orijino kinapatikana duka gani Kariakoo?